Majina ya Vikosi vya Wanamaji Katika Pwani ya Ruvuma, 1914–1918

Mtu azitazamapo orodha za vikosi vilivyopigana Afrika ya Mashariki katika vita vya 1914–1918 huona namba, herufi na majina ya meli, naye hudhani kwamba hayo ni mambo ya makarani tu. Lakini kila jina la kikosi ni ushahidi. Laeleza askari alitoka wapi, aliwekwa chini ya nani, na zaidi ya hayo, ni nani aliyehesabiwa kuwa askari na nani hakuhesabiwa. Pwani ya kusini, tangu Lindi na Mikindani hata mlango wa mto Ruvuma, yafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii; kwani huko watu wa manowari walishuka wakawa askari wa miguu, na desturi tatu za kuviita vikosi, ya Wajerumani, ya Wareno na ya Waingereza, zilikutana katika nchi moja.

Wajerumani waliingia vitani wakiwa na kombania 14 za askari, nazo ziliitwa kwa namba tangu ya kwanza hata ya kumi na nne. Kila namba ilikuwa na kituo chake: ya 1 ilikaa Arusha, ya 3 Lindi, ya 8 Tabora, ya 10 Dar es Salaam. Kombania moja ilikuwa na askari wapatao 160, Wajerumani kati ya 16 na 20, bombomu mbili au zaidi, na wapagazi wapatao 250. Vyeo vya askari wenyewe, yaani ombasha, shaushi, betshaushi, soli na efendi, vilikuwa na asili ya jeshi la Misri na la Waturuki, kwa sababu askari wa kwanza wa Wajerumani waliandikwa Misri, na wengi wao walikuwa Wasudani. Vita vilipoanza, kombania mpya ziliongezwa kwa kuendeleza hesabu ile ile, na nyingine zikapewa herufi. Kombania ikihama, kituo kilibaki nyuma, bali namba ilisafiri nayo.

Wanamaji hawakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, Ujerumani ilileta askari wa miguu wa jeshi la majini kusaidia kuvunja upinzani. Hao walikuja na mpango wao kutoka kwao, na kazi ilipokwisha wakarudi. Katika vita vya 1914 mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa bahari ilifungwa na manowari za Waingereza. Mabaharia wa Möwe, meli ya kupima bahari iliyozamishwa na wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1914, walipelekwa Kigoma, na huko ziwani wakaitwa Kikosi cha Möwe. Tarehe 11 Julai 1915 manowari Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikatengenezwa Dar es Salaam na kutiwa magurudumu. Mabaharia wake wakagawanywa, wengine kwenye mizinga, wengine ziwani, wengine katika kombania za bara. Meli ilikuwa imekwisha kufa, lakini jina lake liliendelea kutembea katika nchi kavu.

Kombania kadhaa zilipokusanywa kwa shughuli moja, Wajerumani waliuita mkusanyiko ule kwa jina la mkuu wake. Namba ilikuwa ya kudumu. Jina la mkuu lilikuwa la kitambo. Hivyo ndivyo Max Looff, nahodha wa Königsberg, alivyopata kuongoza kikosi cha nchi kavu upande wa kusini. Mwezi wa Novemba 1916 kikosi chake kiliizingira boma ya Newala, iliyokuwa imetekwa na Wareno, kikiwa na mzinga mmoja wa Königsberg. Mwisho wa mwezi huo Wareno waliiacha boma wakavuka Ruvuma kurudi kwao. Mzinga wa bahari ulikuwa umepandishwa juu ya uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo hata maji ya kunywa huchotwa kwa taabu mabondeni.

Wareno nao walikuwa na desturi yao. Majeshi yao yaliyotoka Ulaya yalikuja na namba za rejimenti za nyumbani, kama vile 21, 23, 24 na 28. Askari Waafrika waliwekwa katika kombania zenye hesabu ya peke yake. Ujerumani ilipotangaza vita juu ya Ureno mwezi wa Machi 1916, Wareno waliitwaa Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, tarehe 10 Aprili. Nchi hiyo ndogo Wajerumani walikuwa wameishika tangu mwaka 1894. Tarehe 27 Mei manowari Adamastor na Chaimite zilitoa mashua zenye mabaharia na askari pamoja ili kuvuka mlango wa mto. Wajerumani waliojificha ukingoni walinyamaza hata mashua zilipokaribia, kisha wakapiga, na wavukaji wakashindwa kwa hasara kubwa. Wareno walivuka mnamo Septemba, na mwezi uo huo Waingereza walishusha askari kutoka baharini wakazitwaa Mikindani, Sudi na Lindi.

Waingereza walitumia sehemu mbili za hesabu: 3/2 King's African Rifles maana yake ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya pili, na ndani yake kombania zilikwenda kwa herufi. Jeshi lao la Lindi waliliita kwa jina la mahali, Linforce. Lakini hesabu hizo zaweza kumdanganya msomaji. Rejimenti ya pili ilivunjwa mwaka 1911, na askari wake wengi wakaandikwa kwa Wajerumani. Mwaka 1916 namba ile ile ikafufuliwa kwa ajili ya kupigana na Wajerumani hao hao. Namba ilirudi, watu walikuwa wengine.

Katika majina yote haya, kundi kubwa kuliko yote halikupata jina. Meli Marie ilipopenya na kuingia hori ya Sudi mwezi wa Machi 1916, shehena yake ya mizinga na risasi ilipelekwa bara vichwani mwa watu. Mizinga ya Königsberg ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Wapagazi walihesabiwa pamoja na mizigo, si pamoja na askari. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, hukadiriwa na wanahistoria kuwa karibu 100,000.

Looff alitekwa Nambindinga mwezi wa Novemba 1917, na siku chache baadaye mabaki ya jeshi la Wajerumani yakavuka Ruvuma huko Ngomano. Mwaka 1919 Kionga ilipewa Ureno, na mto ukawa mpaka hata baharini. Vikosi vilivunjwa, na namba zikabaki vitabuni. Basi mwanafunzi wa historia akutanapo na maneno “watu wa Königsberg” asiwaone mabaharia peke yao: waliokuwa chini ya jina hilo wengi wao hawakupata kupanda meli hiyo kamwe. Na akitafuta jina la wapagazi, asiende kwenye orodha za majeshi, bali aende Dar es Salaam, sokoni. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Mahali kilipopiga kambi watu walipaita Kariakoo, na hata leo panaitwa hivyo.