Kompyuta ya gari hujifunza mengi, usiifute kumbukumbu yake ovyo

TAA ya injini inapowaka kwenye dashibodi, madereva wengi hukimbilia dawa moja. Waya wa betri hufunguliwa kwa dakika chache, kisha hurudishwa. Taa huzimika, fundi hulipwa na mwenye gari huenda zake akiwa ameridhika. Siku chache baadaye taa ile ile huwaka tena.

Kinachosahaulika ni kwamba waya ule unapofunguliwa, magari mengi hupoteza pia kumbukumbu ya mambo ambayo kompyuta ya injini imejifunza kwa muda mrefu. Kuifuta kumbukumbu hiyo bila kuutafuta ugonjwa ni sawa na kuchana kadi ya hospitali badala ya kumtibu mgonjwa.

Basi kompyuta hiyo hujifunza nini, na vipi?

Ili petroli iungue barabara, kila gramu moja ya mafuta huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Enzi za kabureta, kipimo hicho kilitegemea skrubu alizozirekebisha fundi kwa mkono. Gari lililorekebishwa Mombasa lilipopanda hadi Limuru, ambako hewa ni nyepesi, lilizidiwa na mafuta na kutoa moshi mweusi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1976, wakati kampuni ya Volvo ilipoanza kuuza nchini Marekani magari yenye kihisi cha oksijeni kilichoundwa na kampuni ya Bosch. Kihisi hicho, au sensa kama mafundi wengi wanavyokiita, huwekwa kwenye bomba la moshi na kupima kiasi cha oksijeni kilichosalia baada ya mafuta kuungua. Oksijeni ikizidi, kompyuta huongeza petroli, ikipungua, huipunguza. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi katika kila dakika.

Hapa ndipo kujifunza kunapoanza. Kompyuta ikigundua kwamba kila siku inalazimika kuongeza petroli kwa kiasi fulani, haisubiri kuanza upya kila injini inapowashwa. Huliandika sahihisho hilo katika kumbukumbu ya muda mrefu, na kesho yake huanzia hapo. Nozeli zikichakaa au kihisi cha hewa kikiingia vumbi, injini huendelea kwenda vizuri kwa sababu kompyuta inafidia upungufu huo.

Aidha, kompyuta hujifunza kiasi cha hewa kinachohitajika ili injini isizimike gari likiwa limesimama. Masizi yanapojikusanya kwenye mlango wa hewa, huufungua zaidi kidogo kidogo. Ndiyo maana baadhi ya magari hunguruma kupita kiasi mara tu mlango huo unaposafishwa: kompyuta bado inaufungua kana kwamba uchafu ungalipo.

Faida hiyo ina hatari yake. Kwa kuwa kompyuta hufidia kimyakimya, huweza kuuficha ugonjwa kwa miezi mingi. Mpira wa hewa ukipasuka kidogo, dereva hahisi lolote. Ufa unapokua, sahihisho nalo hukua. Fundi aliye na mashine ya kusoma kompyuta huweza kuliona kwa asilimia: kwa kawaida likiwa chini ya asilimia 10 hakuna hofu, bali likikaribia asilimia 25 magari mengi huwasha taa. Kwa maneno mengine, taa inapowaka, mara nyingi kompyuta imekwisha kupambana na tatizo hilo kwa muda na sasa imefika mwisho wa uwezo wake.

Ukifuta kumbukumbu wakati huo, unafuta pia fidia iliyokuwa ikilisaidia gari. Injini huanza kutetemeka au kukosa nguvu hadi kompyuta ijifunze upya, na mwishowe taa hurejea kwa sababu mpira bado umepasuka.

Ubora wa mafuta nao huacha alama. Injini nyingi zina kihisi kinachosikiliza mgongo wa chuma, yaani ule mlio wa kugonga unaotokea petroli inapolipuka kabla ya wakati wake. Kompyuta ikiusikia, huchelewesha cheche za plagi ili kuiokoa injini. Cheche zikichelewa, nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi.

Dereva anayeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huadhibiwa kwa njia hiyo, kwani mchanganyiko huo hugonga upesi. Tatizo hilo lilienea humu nchini kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yaliyoagizwa kutoka nje, ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Hata baada ya dereva kupata petroli safi, nguvu zinaweza kuchelewa kurudi, kwa kuwa baadhi ya kompyuta hurudisha cheche mahali pake hatua kwa hatua.

Je, kompyuta hujifunza tabia za dereva mwenyewe? Ndiyo, hasa katika magari ya gia za otomatiki. Kompyuta ya gia hufuatilia jinsi mguu unavyokanyaga mafuta. Kwa dereva wa pupa, mengi ya magari hayo huchelewa kupandisha gia ili nguvu zipatikane upesi. Kwa dereva mtulivu, hupandisha mapema ili kuokoa mafuta. Kadhalika, hupima jinsi klachi za ndani zinavyochakaa na kurekebisha shinikizo la oili ili gia zisiingie kwa kishindo.

Hata hivyo, yapo maneno yaliyotiwa chumvi. Husemwa kwamba gari lililoendeshwa polepole na mwenyewe wa kwanza huwa zembe milele. Si kweli. Mwendo ukibadilika, kompyuta nayo hubadilika, mara nyingi katika safari chache tu. Kinachoweza kubaki ni masizi ndani ya injini iliyozoea safari fupi fupi, na hayo hayaondolewi kwa kufungua waya wa betri.

Vilevile, kompyuta haiwezi kushinda maumbile. Jijini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa. Kompyuta hupunguza petroli ili ilingane na hewa hiyo, lakini injini isiyo na taboo lazima ipoteze sehemu ya nguvu zake. Asiyelijua hilo huweza kutumia fedha nyingi kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Wanaonunua magari yaliyotumika wana sababu zaidi ya kuwa macho. Muuzaji mjanja huweza kuifuta kumbukumbu asubuhi ile ile mteja anapokuja, taa ikazimika na gari likaonekana zima. Lakini ufutaji huo huacha alama. Magari mengi yanayofuata mfumo wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kuanzia modeli za mwaka wa 1996, hujifanyia majaribio yao wenyewe, na kumbukumbu ikifutwa majaribio hayo huonyeshwa kuwa hayajakamilika. Huenda yakahitaji siku kadhaa za kuendeshwa ili yakamilike. Mnunuzi akiyakuta yote hayajakamilika, ana haki ya kuuliza betri ilifunguliwa lini, na kwa nini.

Kwa dereva wa kawaida, mambo machache yatamfaa. Taa ikiwaka, kwanza namba za hitilafu zisomwe na kuandikwa kabla ya lolote kufutwa. Mwombe fundi akuonyeshe masahihisho ya mafuta kwa asilimia. Kumbukumbu ifutwe baada ya kifaa kibovu kurekebishwa, kisha gari liendeshwe kwa utulivu siku chache, mjini na kwenye barabara kuu, lipate kujifunza upya. Taa ikiwaka na kuzimika mfululizo huku injini ikikosakosa, punguza mwendo na ulipeleke gari kwa fundi bila kuchelewa, kwani petroli isiyoungua huweza kukiunguza kifaa cha kusafisha moshi, ambacho bei yake ni ghali.

Taa ile ni ujumbe kutoka kwa mtumishi aliyevumilia hadi akachoka. Kuuzima ujumbe si kuuponya ugonjwa, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.