Kocha, Mwalimu au Mzee? Wanahabari wa michezo na adabu ya kuita

Majuzi nilikuwa nikitazama kwenye runinga mkutano wa wanahabari baada ya mechi ya ligi. Kijana mmoja mwenye kinasa sauti alimgeukia kocha ambaye timu yake ilikuwa imetandikwa mabao matatu, akamuuliza: “Sasa wewe kocha, leo mambo yalienda mrama wapi, bana?” Kocha alimtazama kitambo, kisha akamjibu: “Mdogo wangu, kwanza habari ya jioni.” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Swali lenyewe, ambalo lilikuwa swali zuri, halikujibiwa hadi leo.

Wapo watakaosema kwamba soka ni soka, adabu tuwaachie wazee wa baraza. Sikubaliani nao. Katika historia ya utangazaji wetu, mtu aliyetangaza kandanda kwa mbwembwe kuliko wengi ndiye huyo huyo aliyetufunza ungwana. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?” mwaka wa 1966, enzi za Sauti ya Kenya. Na ni yeye aliyelifanya jina la Joe Kadenge lisisahaulike, kwa maneno matatu tu: “Kadenge na mpira.”

Hebu tuyatazame maneno hayo. Hayana “Bwana”, hayana “Ndugu”, hayana hata kitenzi. Je, Mbotela alimkosea Kadenge heshima? Hasha. Mtangazaji alikuwa akimtaja mchezaji kwa msikilizaji aliyeko Kakamega au Kilifi asiyeuona uwanja; hakuwa akimwita. Kutaja na kuita ni mambo mawili. Mpira unapokimbia, jina tupu latosha, maana ukianza kusema “Bwana Kadenge” mpira utakuwa umeshatinga wavuni. Lakini Kadenge alipozeeka, waandishi waliokwenda kumhoji walimwita Mzee Kadenge. Hakuna aliyewaamrisha. Lugha yenyewe iliwaelekeza.

Tatizo la kijana wetu wa majuzi, basi, ni kuchukua lugha ya kutaja na kuipeleka mahali pa kuita. Na lile “wewe” lake ndilo lililoharibu zaidi. Katika Kiswahili kiambishi u- tayari kimeshamtaja unayezungumza naye: “ulimtoa”, “uliamua”. Ukiongeza “wewe” mbele yake, mara nyingi unanyosha kidole.

Sasa tumwite nani? Neno “kocha” tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata mbali. Chanzo chake ni Kocs, kijiji cha Hungary kilichosifika kwa kuunda magari ya farasi. Karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita hivyo, kwa utani, mwalimu wa kukodi aliyewavusha mitihani, kana kwamba amewabeba garini. Baadaye neno likahamia michezoni. Kwa hiyo ndugu zetu wa Tanzania wanaposema “mwalimu” kumaanisha kocha, wamelirudisha neno shuleni lilikotoka, pengine bila kujua! Sisi huku magazetini tumependelea “mkufunzi”. Ni neno zuri la kuandika, ila sijawahi kumsikia mtu akimwita mwenzake “Ee Mkufunzi!” Linatajika, haliitiki. “Mwalimu” linafaa kote kuwili.

Wachezaji nao? Hapa tumewapunja. Nahodha tumempa cheo cha bahari, jina la mwenye chombo. Wengine ni “vijana wa” kocha fulani, hata kama beki mwenyewe ana miaka 34 na watoto watatu. Wanawake wakicheza huitwa “mabinti” au “warembo wetu”. Naona afadhali “masogora”, ambalo wasomaji wa kurasa za michezo wanalijua sana. Sogora asili yake ni fundi wa kupiga ngoma, na mtu haitwi fundi kwa sababu ya umri wake.

Yapo pia majina ya utani. Jacob Mulee aliipeleka Harambee Stars Tunisia mwaka wa 2004, tukaifunga Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya nzima inamwita Ghost, naye mwenyewe amelikubali jina hilo hadi likaingia kwenye kipindi cha redio cha asubuhi. Huko studioni ni sawa kabisa. Lakini aliporudi kuinoa timu ya taifa mwaka wa 2020, mwanahabari aliyetaka kumbana kuhusu kikosi alikuwa na kazi ya kuamua: anaongea na Ghost wa redioni au na kocha wa taifa? Ukimwita mtu kwa jina la utani umeshajitangaza kuwa rafiki yake, na rafiki haulizi maswali ya kuudhi.

Ndiyo maana sitaki adabu hii ieleweke kuwa unyenyekevu. Nimewasikia pia wale wa “bosi wetu” na “mheshimiwa kocha”, ambao baada ya kusujudu hivyo huishia kuuliza, “Unawaambia nini mashabiki?” Hilo nalo si swali.

Yule kijana angesema hivi: “Habari ya jioni, Mwalimu. Mbona ulimtoa kiungo mkabaji dakika ya 60 ilhali mlikuwa mkiongoza?” Hapo kocha angekosa pa kukimbilia.