Kutengeneza Misa huku Masisi na Walikale

Huku kwetu Masisi na Walikale, misa ya siku ya Mungu inaanza siku ya posho. Mchana, jua likipunguka, utasikia ngoma kanisani, na vijana wanatoka mashambani, wengine jembe bado begani, wanaenda kwenye mazoezi ya nyimbo. Ukiwauliza wanafanya nini, wanakujibu: «Tunatengeneza misa.» Neno hilo lina historia yake, na sisi tunaofundisha tumeona kwamba wanafunzi wengi hawaijui. Wanafikiri mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo.

Wazee wetu walijifunza kwanza kungoja. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliweka sheria kwamba mtu asibatizwe kabla ya kumaliza miaka 4 ya mafundisho. Alirudisha desturi ya Kanisa la zamani: asiyebatizwa asibaki kanisani mpaka mwisho wa misa. Kujitayarisha kulikuwa kukariri katekisimu, maswali na majibu, neno kwa neno. Na ulipokwisha kubatizwa, misa yenyewe ilikuwa kwa Kilatini. Padri aliendelea na yake kule mbele, mama alisali rozari yake huku nyuma. Hatuwacheki. Imani yao ilikuwa ya kweli, lakini mdomo wao ulikuwa umefungwa.

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturjia. Uliomba waamini wasikae misani kama wageni au watazamaji, bali washiriki kwa kuelewa na kwa kutenda. Jimbo la Goma lilikuwa bado changa, lilianzishwa 1959. Padri akageukia watu, na watu wakaanza kujibu kwa lugha wanayoisikia.

Lakini je, kujibu kulikuwa jambo jipya kwetu? Hapana. Mwaka wa 1956, Candi Rureke, Mnyanga wa Walikale, aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo muda wa siku 12, mbele ya mtaalamu Daniel Biebuyck aliyeiandika. Ilitoka katika kitabu mwaka wa 1969, pamoja na kazi ya Mnyanga mwenzake, Kahombo Mateene. Rureke hakuimba peke yake. Wenzake walipiga vijiti, wakapokea wimbo, na watu wakaitikia. Ndiyo kusema, babu zetu walijua kwamba neno kubwa halisemwi na mtu mmoja wengine wakinyamaza.

Mwaka wa 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya Zaire, ile tunayoiita riti ya Zaire. Ndani yake mtangazaji anawaita watu, msomaji anaomba baraka kabla ya kusoma, na mababu wenye moyo safi wanatajwa pamoja na watakatifu. Toba inakuja baada ya mahubiri, na mara tu baada ya toba watu wanapeana amani. Mambo hayo yote yanadai mazoezi. Huwezi kuamka asubuhi ukasimama mbele ya watu.

Sasa tufike pale panapouma. Kati ya 1937 na 1955, serikali ya Wabeleji ilileta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda. Kihunde na Kinyarwanda vikaishi jirani, kilima kwa kilima. Walikale kuna Kinyanga, Kikumu, Kikano, Kitembo. Tarehe 20 Machi 1993, watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na vita ikapanda mpaka Masisi. Tangu hapo swali dogo la siku ya posho, «Wimbo wa toleo tuimbe kwa lugha gani?», halikuwa tena swali dogo. Nani asome somo la kwanza? Nani asimame mbele ya korali? Na kupeana mkono wa amani baada ya toba, na jirani ambaye ndugu zake na ndugu zako walizikana mwaka ule, si maneno ya kitabu.

Sehemu nyingi zilichagua Kiswahili, kwa sababu si cha kabila lolote kati yetu. Tunaona walifanya vizuri. Kiswahili kilikalisha watu kwenye benchi moja. Lakini tuseme pia alichopoteza mtu mmoja: bibi yetu wa kijijini. Kiswahili cha sokoni anakijua, cha kitabu kinampita juu ya kichwa. Amerudi mafasi yake ya zamani, ya rozari na kimya, sawasawa kama wakati wa Kilatini.

Walikale jambo hili ni zito zaidi, juu ya umbali. Teritware ile ina kilomita za mraba 23 475, karibu mara tano ya Masisi, na kubwa yake ni msitu. Padri anapita mara chache. Katekista ndiye anaongoza ibada ya siku ya Mungu. Mwezi wa Machi 2025, M23 walipoingia Walikale-Centre, wakaaji wengi walikimbilia msituni. Huko hakuna misale wala harmonia. Unasali kwa yale uliyoyashika kichwani, na tunachokishika haraka ni cha lugha ya mama.

Katika shirika letu tumejaribu kitu kimoja. Nyimbo za kuingia na za toleo zinabaki za Kiswahili. Wimbo wa shukrani unafundishwa na muzee, kwa lugha yake, zamu kwa zamu, na wote wanauimba, wa kabila hili na la lile. Mara ya kwanza vijana walinung'unika. Bibi aliyefundisha Kihunde alisimamisha ngoma mara nne, kwa sababu walikuwa wanakosea neno moja. «Hapana, munaliharibu. Rudilieni!» Vijana Wanyarwanda ndio walilishika wa kwanza, wengine wakacheka, na siku ile mazoezi yakaendelea mpaka giza likaingia.