Hesabu za wahamaji na watu wa Mgwashi

Wiki hii madesa ya takwimu yamenirudisha kwetu Usambara.

Swali ni hili: kwa nini kijana wa Mgwashi anaacha migomba na maharage, anapanda basi kwenda Dar ambako kazi zenyewe za kugombania? Mwaka 1970 wachumi Harris na Todaro walijibu hivi: kijana haangalii mshahara wa mjini peke yake, anauzidisha kwa uwezekano wa kuupata. Mfano wangu wa kubuni: mjini wanalipa 300,000, uwezekano ni nusu, unabaki na 150,000. Kama shamba linampa 80,000 anaondoka, na wala si mjinga! Ndiyo maana Kenya ilipoahidi ajira mpya mwaka 1964, watu wakazidi kumiminika mjini na tatizo likabaki palepale.

Kuna kanuni ya zamani zaidi, ya Ravenstein, Uingereza 1885: wahamaji wengi huenda umbali mfupi. Sawa. Sasa ilete Tanga ya Mjerumani uone.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yakaenea huko bondeni chini ya milima yetu. Kwa kanuni ya umbali, vibarua wangekuwa Wasambaa. Kumbe wengi walitoka Unyamwezi, safari ya wiki nyingi kwa miguu! Msambaa alikuwa na shamba lake, na kodi angeweza kuilipa kwa kuuza chakula. Akachomwe na miiba ya mkonge kwa ujira kiduchu, ya nini?

Serikali ikaja na nguvu. Mwaka 1907, wilaya ya Wilhelmstal (ndiyo Lushoto hiyo) ikagawa vipande: kila mwanaume mzima amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo anapelekwa kazi za serikali. Hapo utazidisha nini kwa nini?

Ninachokiona mimi: fomula inamhesabu mtu aliye huru kuchagua. Wazee wetu waliweza kukataa mkonge kwa sababu walikuwa na ardhi, na ili kuwatoa shambani ilibidi walazimishwe. Leo shamba la babu limegawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, kila mtu kabaki na kijisehemu. Hakuna anayemlazimisha kijana kwa kipande, lakini uwezo wa kukataa umepungua. Kwa hiyo tusiseme tu "vijana wanapenda mjini". Tuulize kwanza wana nini cha kubakia nacho.

Nyie wa hesabu, ardhi mnaiweka wapi kwenye fomula? Karibuni tubishane. Tupo pamoja.