Mshahara, Cheo na Sikio: Maasi ya Wanajeshi ya Januari 1964

Maasi ya wanajeshi yaliyotokea Tanganyika, Uganda na Kenya mwezi Januari 1964 huelezwa mara nyingi kuwa yalikuwa maasi ya mshahara. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Katika insha hii ninadai kwamba wanajeshi wa wakati ule walikuwa na haja tatu zilizoshikana: mshahara, cheo, na mtu wa kuwasikiliza. Kwetu Uganda serikali ilitimiza mbili za kwanza ikaiacha ya tatu, na taifa zima likaja kulipa.

Majeshi ya nchi hizo tatu yalizaliwa na jeshi moja la kikoloni, King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Kiswahili kilitumika sana kambini, na ndiyo sababu mimi, kama wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaotoka Uganda, nimekua nikiambiwa kwamba hii ni lugha ya wanajeshi. Maafisa walikuwa Waingereza. Kwa miaka mingi Mwafrika, hata awe hodari namna gani, alipanda hadi usajini meja akakwama hapo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiliwekwa cheo cha "effendi", juu ya sajini lakini chini ya afisa kamili. Neno hilo la Kituruki tunalo hadi leo katika "afande". Effendi alikuwa mtu wa katikati: askari walimwona kuwa mkubwa, Waingereza hawakumhesabu kuwa mwenzao. Idi Amin alikipata cheo hicho mwaka 1959. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa raia wa kwanza wa Uganda kupewa uafisa kamili. Kwa hiyo bendera mpya ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, maafisa wazalendo walikuwa wachache mno.

Hapa ndipo msongo ulipoanzia. Askari aliona karani mwenzake wa kijijini akipewa meza ya Mzungu wizarani, huku yeye bado akimpigia saluti afisa yuleyule wa jana. Huko Tanganyika, tarehe 7 Januari 1964, Rais Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa kuwaajiri Waafrika kwanza serikalini umekwisha. Siku tano baadaye yakatokea mapinduzi ya Zanzibar. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi. Waliwafungia maafisa wa Kiingereza, kisha wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Walidai mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi, na maafisa wawe Waafrika. Kesho yake Tabora wakafuata. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, na tarehe 24 kambi ya Lanet karibu na Nakuru.

Jambo la kuzingatia ni nani aliyezungumza na waasi. Colito alikwenda Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi. Jinja alikwenda waziri Felix Onama, akazuiliwa kambini mpaka akakubali nyongeza. Kwa maoni yangu, jeshi ambalo askari wake humfikia waziri kwa kumshika mateka ni jeshi lisilo na njia ya kawaida ya kupeleka malalamiko. Effendi angeweza kuwa njia hiyo, lakini alipewa cheo bila kupewa sauti.

Serikali zote tatu ziliita wanajeshi wa Uingereza kuzima maasi, lakini zilitofautiana katika yaliyofuata. Kenya iliwashtaki viongozi wa maasi na kukivunja kikosi kilichoasi. Tanganyika ililivunja jeshi lake na kuanzisha jipya, JWTZ, mwezi Septemba 1964. Mwanajeshi aliyekuwa amekatazwa siasa akaruhusiwa kujiunga na TANU, akapata nafasi ya kukaa na raia wenzake na kusema. Uganda iliwafukuza baadhi ya waasi, lakini nyongeza ikabaki, na maafisa wazalendo wakapandishwa haraka. Amin akakabidhiwa kikosi cha kwanza cha Jinja.

Mtu anaweza kusema kwamba Uganda ndiyo iliyowaridhisha wanajeshi wake kuliko wote. Ni kweli, mifuko iliridhika. Lakini kupanda cheo kulitegemea zaidi na zaidi kuwa karibu na mkubwa fulani, na afisa akawa hana pa kutegemea ila mfadhili wake au watu wa kabila lake. Mwaka 1966 Opolot aliondolewa na kukamatwa, Amin akashika jeshi. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu makomando wa Uingereza waingie Colito, Amin aliipindua serikali. Miezi iliyofuata, wanajeshi wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa ndani ya kambi zao na watu waliokuwa wakila nao sahani moja.

Sidai kwamba majirani walipona kabisa. Kenya ilipata jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na Tanzania iliwakamata maafisa kwa njama ya kupindua serikali mwanzoni mwa 1983. Hata hivyo majaribio hayo yalishindwa, na mwanajeshi wa Tanzania hakugeuka kuwa adui wa mwenzake wa kitanda cha pili.

Ninahitimisha kwamba ridhaa ya mwanajeshi haipimwi kwa hati ya mshahara peke yake. Fedha humtuliza, cheo humpa heshima, lakini kinachomzuia asishike bunduki dhidi ya nchi yake ni kujua kwamba akilalamika, yupo atakayemsikia bila kumwadhibu. Januari 1964 askari wa Jinja walisikilizwa kwa siku moja tu, na kwa sababu walikuwa wamemshika waziri.