Uzamili wa mekatroniki: kijana wa Banissa achague chuo kipi?

Ukitaka kumweleza mzazi wa Banissa uhandisi wa mekatroniki ni kitu gani, usianze na roboti za viwandani. Anza na kisima cha kuchimbwa. Pampu iliyo chini ni mashine, nguvu yake inatoka kwenye paneli za sola, na kuna kifaa kinachoiwasha maji yakipungua tangini na kuizima yakijaa. Mashine, umeme na programu ya kompyuta vikifanya kazi kama kitu kimoja, hiyo ndiyo mekatroniki. Neno lenyewe lilibuniwa Japani mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa Electric.

Mfano huu wa kisima haukutoka hewani. Chini ya mradi wa Kenya RAPID, vihisio viliwekwa kwenye pampu za visima katika kaunti kame, zikiwemo Garissa na Wajir, ili ijulikane kwa mbali pampu ipi imenyamaza kabla mifugo haijaanza kufa. Anayejua kubuni kifaa kama hicho, na kukitengeneza kikiingia vumbi, hana haja ya kuitafuta kazi Nairobi.

Tatizo ni wapi ataisomea. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati kamili mwaka 2017, ndicho cha umma kilicho karibu, lakini hakifundishi fani hii. Sisi wa Pwani tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la MIOME. Kina uhandisi wa mitambo na wa umeme, nayo ni misingi mizuri kwa digrii ya kwanza. Dedan Kimathi ya Nyeri ina jina katika shahada ya kwanza ya mekatroniki. Kwa uzamili wenye jina hilo hasa, mlango wa kwanza kuubisha hapa nchini ni JKUAT, Juja. Palepale Juja ipo taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika, PAUSTI, inayochukua wanafunzi wa bara zima kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Watu wetu wengi hupita langoni pake bila kujua.

Kabla ya kulipa hata ada ya fomu, kuna jambo linalowaponza wengi. Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, humsajili mhandisi kwa kutazama digrii yake ya kwanza. Ikiwa hiyo haikuidhinishwa na bodi, uzamili wa chuo chochote duniani hauifuti dosari hiyo. Utakuwa msomi, na huenda ukafundisha chuoni, lakini kujiita mhandisi kisheria itakuwa shida. Familia iliyouza ngamia ili mtoto asome inastahili kuambiwa hivyo mapema, wala isingoje kuambiwa na karani wa dirishani. Kwa kozi yenyewe ya uzamili, uliza kama imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo kuwa na hati hakumaanishi kila kozi yake imepita.

Jambo la pili ni msimamizi. Uzamili wa uhandisi hapa kwetu una tasnifu, na tasnifu ndiyo inayowakwamisha wanafunzi miaka na miaka baada ya masomo ya darasani kwisha. Ingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo unachokitaka, usome mada za tasnifu za karibuni na majina ya walioziongoza. Kama hakuna aliyewahi kugusa pampu, vihisio wala sola, na wewe ndilo unalolitaka, utakuwa yatima wa kitaaluma. Mwandikie mwalimu barua pepe kabla ya kuomba nafasi. Asiyejibu mwezi mzima sasa, usitegemee atasoma sura yako ya tatu baadaye.

Nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Sharjah kina uzamili wa mekatroniki, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa cha Malaysia kina idara nzima ya fani hii. KAUST ya Saudia haitumii jina hilo, ila roboti zimo ndani ya uhandisi wake wa mitambo na umeme, na anayekubaliwa hulipiwa masomo na kupewa posho. Usishikilie jina la kozi, tazama kinachofundishwa. Ujerumani, chuo cha umma cha Siegen hufundisha mekatroniki kwa Kiingereza bila ada ya masomo. Lakini "bure" hiyo ina masharti: kwa kawaida anayeomba viza huonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Bila ufadhili, kama wa DAAD, ni watoto wa wangapi Banissa watakaouvuka mto huo?

Halafu pasipoti. Kijana wa Pwani mwenyewe analijua hili, sembuse wa mpakani na Ethiopia. Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walipitishwa kwenye mchujo wa ziada ili wapate kitambulisho, hadi Rais Ruto alipotangaza huko Wajir, Februari 2025, kwamba umeondolewa. Ufadhili hausubiri mtu apate karatasi. Maombi ya ule wa Uturuki, kwa mfano, kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa Februari. Basi anayemaliza mwaka wa nne leo aanze na kitambulisho na pasipoti, kisha nakala rasmi ya matokeo, ndipo aketi kuchagua chuo.