Vipuri vya mfumo wa mafuta vya Land Rover Series

Vipuri vya mfumo wa mafuta vya Land Rover Series ni sehemu zinazohifadhi, kuvuta, kuchuja na kupima mafuta katika magari ya Land Rover yaliyotoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1948 hadi 1985. Sehemu hizo ni tangi, mabomba, filta, pampu ya kuvutia mafuta na kabureta. Kwa magari ya dizeli, mahali pa kabureta hushikwa na pampu ya nozeli pamoja na nozeli zenyewe.

Miongo kadhaa imepita tangu gari la mwisho la Series litoke kiwandani, lakini mengi bado yanatembea, yakiwemo ya Afrika Mashariki, ambako yaliwahi kuunganishwa hata katika kiwanda cha Leyland mjini Thika, Kenya. Yanaweza kuendelea kutembea kwa sababu kampuni ya Rover, iliyoyaunda, haikutengeneza yenyewe sehemu nyingi za mfumo wa mafuta. Ilizinunua kwa Zenith, Solex, AC, SU na CAV, ambazo ziliuza vifaa vilevile au ndugu zake kwa watengenezaji wa magari mengine, malori na matrekta. Kwa hiyo anayetafuta kipuri hupata njia fupi akianza na jina na namba zilizopigwa kwenye kifaa chenyewe, ndipo ataje gari.

Matoleo na mifumo yake

Series I ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971, na Series III hadi 1985. Kuanzia Series II, magari mengi ni ya inchi 88 au inchi 109, vipimo vya umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Injini iliyoenea zaidi ni ya petroli yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza mwaka 1958. Mwanzoni ilitumia kabureta ya Solex, na katika miaka ya 1960 ikahamia kwenye Zenith 36 IV. Mafuta huvutwa na pampu ya AC iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti. Injini ya dizeli ya ujazo huohuo ilikuja mwaka 1961, ikiwa na pampu ya nozeli ya CAV aina ya DPA. Baadhi ya magari ya inchi 109 yalipata injini ya petroli ya silinda sita ya lita 2.6, yenye pampu ya umeme ya SU. Kuanzia 1979 yakaja ya V8 ya lita 3.5, yenye kabureta mbili.

Gari la inchi 88 lina tangi la takriban lita 45 chini ya kiti cha mbele cha kulia. La inchi 109 la abiria lina tangi la takriban lita 68 nyuma. Matangi haya mawili hayabadilishani, kwa hiyo muuzaji aambiwe umbali wa ekseli na aina ya bodi kabla ya bei kuzungumzwa.

Kukitambua kipuri

Makosa mengi ya ununuzi hutokana na kutegemea mwaka wa gari ulioandikwa kwenye kadi. Magari haya yamepita mikononi mwa watu wengi. Injini zimehamishwa, kabureta zimebadilishwa, na gari la 1968 linaweza kuwa na moyo wa 1978. Utambuzi wa kuaminika hupitia hatua nne.

Ya kwanza ni kusoma namba ya chesisi pamoja na herufi inayoifuata. Herufi hiyo huonyesha badiliko la usanifu linalogusa vipuri, na katalogi hutenganisha sehemu kwa kuifuata. Ya pili ni kusoma namba ya injini kwenye bloku, kwa kuwa huenda si injini iliyozaliwa na gari hilo. Ya tatu ni kusafisha kifaa na kutafuta maandishi yake: kabureta hubeba jina na aina kwenye mwili wake, na pampu ya CAV hubeba kibati chenye namba ndefu inayoeleza hata jinsi ilivyopimwa. Ya nne ni kulinganisha namba hizo na katalogi ya vipuri ya toleo husika.

Namba za Rover za zamani ni tarakimu tupu. Baadaye zilikuja zenye herufi tatu mbele: ERC na ETC huwa hasa za injini, NRC za chesisi, MRC za bodi. Namba moja inaweza kurithiwa na nyingine kifaa kinapoboreshwa. Muuzaji anaposema namba fulani haipo tena, aulizwe iliyoirithi kabla ya msako kuachwa.

Kipimo nacho kina uzito wake. Nati na viungo vingi vya mfumo huu ni vya inchi. Bomba la inchi 5/16 linakaribia milimita 8, na mpira wa milimita 8 hukaa vizuri juu yake, lakini nyuzi za nati hazisamehi: nati ya milimita ikilazimishwa kwenye kiungo cha inchi huua nyuzi, na petroli itavuja juu ya injini yenye moto.

Upande wa petroli

Zenith 36 IV ni kabureta imara yenye ugonjwa unaojulikana. Kifuniko chake cha juu na kipande kinachoshikilia jeti hukutana kwa uso bapa, na kati yao kuna pete ya mpira. Skrubu zikikazwa kupita kiasi kwa miaka mingi, uso huo hupinda. Petroli hupita pasipopaswa, moshi huwa mweusi, na injini hukataa kutulia dereva anapoondoa mguu kwenye eksileta. Wengi hununua kabureta mpya kwa tatizo ambalo tiba yake ni msasa laini uliotandikwa juu ya kioo, vipande vikasuguliwa hadi vinyooke, kisha pete na gasketi mpya.

Vifurushi vya ukarabati vyenye gasketi, vali ya sindano, daiaframu na pete bado vinatengenezwa. Kampuni ya Burlen, mjini Salisbury, Uingereza, inaendelea kutoa vipuri vya SU na Zenith.

Mbadala unaouzwa zaidi ni Weber 34 ICH, kabureta yenye koo moja inayotengenezwa Hispania. Huja na bamba la kuiunganishia kwenye injini hii, lakini mikono ya eksileta na choki mara nyingi hudai kurekebishwa, na nguvu hupungua kidogo injini inapozunguka kwa kasi. Hutumika bila shida katika safari za kawaida. Anayebeba mizigo mizito milimani atafaidika zaidi na Zenith iliyokarabatiwa vizuri.

Pampu ya AC ya zamani hufunguka, na daiaframu na vali zake hubadilishwa. Nyingi za mbadala zinazouzwa leo zimefungwa kwa kukunjwa bati na hazifunguki, hivyo pampu asili iliyochoka ina thamani kuliko inavyoonekana. Baadhi ya mafundi hufunga pampu ya umeme badala yake. Hilo linawezekana ikiwa shinikizo litafanana na la pampu ya asili, yaani kati ya pauni 1.5 na 2.5 kwa inchi ya mraba. Pampu iliyotolewa kwenye gari la kisasa la injeksheni husukuma kwa zaidi ya pauni 40. Hushinda vali ya sindano ya kabureta na kumwaga petroli kwenye injini. Pampu yoyote ya umeme inahitaji pia swichi ya kuizima gari linapogongwa, la sivyo itaendelea kusukuma mafuta kupitia bomba lililokatika.

Upande wa dizeli

Pampu ya DPA hutumia kizungushio kimoja kugawa mafuta kwa silinda zote, na hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji, mchanga na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa huiharibu haraka, kwa kuwa mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha. Uchanganyaji huo ulikithiri Tanzania hadi EWURA, mamlaka ya nchi hiyo ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta ili kuutambua.

Faida kubwa ya DPA ni kuenea kwake. Ilifungwa kwenye injini nyingi za Perkins na kwenye matrekta ya Massey Ferguson, kwa hiyo fundi pampu wa mji wa wakulima huifahamu vizuri hata kama hajawahi kugusa Land Rover. Filta yake ya karatasi, CAV 296, hupatikana kirahisi katika maduka ya vipuri vya matrekta. Mwenye gari aliyezunguka maduka ya magari bila mafanikio na aingie duka la zana za kilimo. Huduma ya CAV ilipitia mikononi mwa Lucas na tangu mwaka 2000 iko chini ya jina la Delphi, na vipuri vingi vya DPA hubeba jina hilo kwenye boksi.

Hata hivyo, pampu mbili za DPA zinazofanana kwa sura zinaweza kupimwa tofauti kabisa. Pampu ya trekta isifungwe kwenye Land Rover kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kupimia na kuwekwa kwa vipimo vya injini husika.

Nozeli huhitaji mashine ya kupimia pia. Zinaporudishwa, washa ya shaba na ile ya chuma yenye mawimbi iliyo chini yake ziwe mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha bonyea na hazizibi tena.

Mafuta ya leo na mpira wa jana

Mifumo hii ilibuniwa kwa mafuta ya zama zake. Uingereza ilifanya petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida mwezi Septemba 2021, na ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani. Mpira mpya uwe na alama ya SAE J30 R9, unaostahimili mafuta hayo.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2015. Ni hatua njema kwa mapafu ya watu. Kwa pampu za zamani, mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kusinyaza sili za mpira na kuzifanya zivuje. Tiba ni kifurushi cha sili za mpira wa Viton, na fundi pampu aagizwe kuzitumia tangu mwanzo.

Mahali pa kutafutia

Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na soko la Kisekka jijini Kampala ni vituo vikubwa vya spea. Huko mnunuzi aende na kifaa cha zamani mkononi, kwani kulinganisha kwa macho na kwa kipimo hushinda maelezo marefu. Kwa kuagiza nje, wapo wauzaji wakubwa wa Uingereza kama Britpart na Allmakes.

Kuna ngazi tatu za ubora: kipuri chenye boksi la Land Rover, kipuri cha kampuni iliyokuwa ikiiuzia Rover, na kipuri cha mwigo. Cha mwigo si kibaya daima, na tangi au kikombe cha filta cha mwigo kinaweza kudumu. Kwa daiaframu, vali ya sindano, nozeli na mpira wa petroli, unafuu wa bei haulingani na hatari ya moto. Boksi peke yake si ushahidi, kwa kuwa majina yenye sifa huigwa. Ukaguzi uangalie uchongaji, uzito, maandishi kwenye kifaa na nyuso zinazokutana.

Kifaa cha mtumba kina nafasi yake pia. Kabureta asili iliyochakaa ndani lakini ambayo mwili wake haujapasuka ni mtaji wa kukarabatiwa, mara nyingi bora kuliko mpya ya mwigo. Kwa sababu hiyo, mwenye Land Rover Series asikubali gereji ibaki na kabureta, pampu au nozeli zake za zamani baada ya kufungiwa nyingine. Azichukue, azisafishe, azifunge kwenye karatasi yenye mafuta, na aandike namba zake katika daftari la gari pamoja na kila kipuri kilichofungwa na tarehe yake. Mnunuzi wa gari hilo siku moja atalihitaji daftari hilo kama anavyohitaji kadi ya umiliki.